Si kila tumbo ni amiba: tuitunze Flagyl

Fungua droo ya karani ofisini, mkoba wa msafiri au kabati la jikoni katika mji wowote wa nchi hii, na usishangae ukikuta bahasha ndogo ya dawa yenye tembe tano au sita za Flagyl zilizosalia. Zilinunuliwa tumbo lilipokata, zikamezwa siku mbili, tumbo likatulia, na zilizobaki zikawekwa akiba hadi litakapokata tena. Mwulize mwenyewe alikuwa akiugua nini, naye atakujibu bila kusita: "Amiba." Nani aliyempima? Hakuna. Aliyajuaje? Tumbo lilimkata.

Hivi ndivyo amiba alivyokuwa jina la kila ugonjwa wa tumbo mijini, akishindana na homa ya matumbo peke yake. Na hivi ndivyo dawa moja bora kabisa, ambayo madaktari wa upasuaji, wakunga na madaktari wa meno wanaitegemea kila siku, ilivyogeuzwa kuwa kama njugu za kutafunwa njiani.

Makala haya hayakusudii kuishutumu dawa hiyo. Yanakusudia kuitetea dhidi yetu sisi tunaoipenda kupita kiasi. Nitachukua mfano wa Kuruwitu, kijiji cha wavuvi kilichoko karibu na Vipingo, kando ya barabara ya kutoka Mombasa kwenda Kilifi na Malindi. Wengi wa wasomaji wa mijini wanapajua kwa ufuo wake mzuri wa kupungia upepo siku za mapumziko. Lakini pana mambo mawili pale yanayohusu matumbo yetu: ardhi yake, na uamuzi ambao wavuvi wake waliufanya kuhusu bahari.

Dawa hii ilikotoka

Jina halisi la dawa ni metronidazoli. Flagyl ni jina la biashara la kampuni iliyoitoa kwanza, na leo viwanda vingi vinaitengeneza kwa majina mbalimbali. Chanzo chake ni Japani, ambako mapema katika miaka ya 1950 wanasayansi walipata kutoka kwa bakteria wa udongoni kemikali waliyoiita azomisini. Watafiti wa kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa wakaifanyia kazi kemikali ya jamii hiyo, na kufikia mwaka 1959 walikuwa na dawa ya kuangamiza trikomonasi, kimelea kinachoambukizwa kwa zinaa na kuwatesa wanawake kwa mwasho na uchafu ukeni.

Kama si bahati, huenda ingebaki dawa ya ugonjwa huo mmoja. Mwaka 1962 daktari wa meno wa London, David Shinn, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu mgonjwa aliyekuwa akitibiwa trikomonasi, ambaye fizi zake zilizokuwa zimeoza zilipona pia. Hapo ndipo ilipoanza kugundulika kwamba dawa hii ya vimelea inaua pia bakteria wa aina fulani.

Miaka minne baadaye, mwaka 1966, madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walitangaza kwamba inaponyesha amiba wa matumboni na hata jipu la amiba katika ini. Ilikuwa faraja kubwa. Kabla ya hapo mgonjwa wa amiba aliyezidiwa alidungwa sindano za emetini, dawa kali iliyoweza kuudhuru moyo, akalazimika kulala kitandani chini ya uangalizi. Sasa angeweza kumeza tembe na kurudi nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, metronidazoli ilikuwamo, na haijatoka hadi leo.

Inavyofanya kazi

Ukitaka kuelewa kwa nini dawa hii haifai kwa kila tumbo, sharti uelewe inavyoua. Ikiingia mwilini ni kama kijiti cha kiberiti ambacho hakijawashwa. Hakimchomi mtu. Vijidudu vinavyoishi mahali pasipo na oksijeni ndivyo vyenye kemikali za kukiwasha, na vikishakiwasha, moto wake unakatakata nyuzi za urithi ndani ya vijidudu vyenyewe, navyo vinakufa. Vijidudu vinavyotumia oksijeni kama sisi havikiwashi, kwa hiyo havidhuriki.

Basi orodha ya maadui wa metronidazoli inajulikana. Kuna amiba, jiadia na trikomonasi miongoni mwa vimelea. Kuna bakteria wasiopenda oksijeni, wanaokaa katika usaha wa tumbo lililotoboka, kidole tumbo kilichopasuka, tumbo la uzazi baada ya kujifungua, na mizizi ya meno yaliyooza. Kuna bakteria wanaovuruga hali ya kawaida ukeni. Kuna pia Helikobakta pailori, anayesababisha vidonda vya tumbo, ambapo dawa hii hutumiwa pamoja na nyingine.

Sasa angalia wasiokuwamo katika orodha hiyo. Rotavirusi hayumo, kwa kuwa ni virusi. Bakteria wa kipindupindu hayumo. Shigela, anayeleta kuhara damu, hayumo. Bakteria wa homa ya matumbo hayumo. Kriptosporidiamu, kimelea hatari sana kwa watoto wachanga, hayumo. Minyoo ya kawaida haimo.

Mwaka 2013 matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, ikiwamo Kenya kupitia eneo la Nyanza, yalichapishwa katika Lancet. Watafiti walitaka kujua ni vijidudu gani hasa vinavyowaharisha vibaya watoto wa chini ya miaka 5. Walioongoza walikuwa wanne: rotavirusi, kriptosporidiamu, Shigela na aina moja ya bakteria wa kolai. Hakuna hata mmoja kati ya wanne hao ambaye metronidazoli inamwua. Mzazi anayemmiminia mtoto wake shira ya Flagyl kila anapoharisha huwa anapiga risasi kwenye kichaka ambamo mnyama hayumo.

Ukweli wa maabara

Kuna watakaosema, "Lakini mimi nilipimwa choo, nikaambiwa nina amiba." Inawezekana kabisa. Hata hivyo, msomaji ajue mambo mawili.

La kwanza ni kwamba amiba wako wa aina nyingi. Kuna anayetoboa utumbo na kuleta ugonjwa, na kuna pacha wake asiye na madhara yoyote. Chini ya hadubini, mayai yao yenye ganda gumu hayatofautiani. Wataalamu waliwatenganisha rasmi mwaka 1993, na mwaka 1997 kikao cha wataalamu kilichoitishwa na Shirika la Afya Duniani kikashauri kwamba mtu asipewe dawa kwa sababu tu ameonekana na mayai hayo katika choo huku haumwi. Kinachomthibitisha mwovu ni kuonekana akiwa hai, akitembea, na ndani yake mna chembe nyekundu za damu alizozimeza, au kipimo maalumu kinachomtambua kwa protini zake.

La pili ni muda. Amiba aliye hai hudumu kitambo kifupi tu nje ya mwili. Choo kilichotolewa alfajiri, kikafungwa katika kopo na kufikishwa maabara saa tano asubuhi, kwa kawaida hakiwezi kusema kweli. Kinatakiwa kiwe kibichi, kitazamwe mara moja. Ukienda mahali wakakupokea kopo, wakaliacha dirishani saa mbili, kisha wakakuandikia "amiba ++", una haki ya kuuliza maswali.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto uko wazi. Mtoto akiharisha damu, kwanza atibiwe Shigela kwa dawa inayomwua, kama vile siprofloksasini. Metronidazoli itolewe pale tu amiba aliye hai mwenye chembe za damu anapoonekana katika choo kibichi, au mtoto akishapewa dawa mbili tofauti za Shigela bila nafuu. Na mtoto anayeharisha maji matupu, bila damu na bila dalili za kipindupindu, kwa kawaida hahitaji dawa yoyote ya kuua vijidudu.

Hasara zake

"Lakini ina ubaya gani? Isiponisaidia, si itapita tu?" Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi, na ndilo linalostahili jibu refu.

Hasara kubwa kuliko zote ni wakati. Kuhara kunamwua mtoto kwa kumkausha maji na chumvi, na mtoto mdogo anaweza kukauka katika muda wa saa chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watoto 440,000 wa chini ya miaka 5 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuhara. Mama aliyekwisha kununua dawa huamini kwamba ametibu. Hutulia, akangoja tembe zifanye kazi. Wakati huo macho ya mtoto yanabonyea, mdomo unakauka, mkojo unakoma. Hapo dawa haikumdhuru kwa sumu. Ilimdhuru kwa kumpa mama matumaini ya bure.

Tiba yenyewe ya kuhara ni ya bei nafuu kuliko tembe: maji ya ORS, na madini ya zinki. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walilisema hilo kwa pamoja mwaka 2004, na Kenya ikatoa sera yake mwaka 2010. Zinki ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Pakiti ya ORS isipopatikana, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge hadi viyeyuke, umnyweshe mtoto kidogo kidogo. Anyonyeshwe na alishwe kama kawaida. Inasikitisha kwamba watu wengi wa mjini wanajua miligramu za Flagyl kwa kichwa lakini hawajui kipimo cha chumvi na sukari.

Hasara ya pili humpata yule ambaye kweli ana amiba. Akimeza tembe siku mbili na kuacha, hupata nafuu bila kupona. Dozi ya amiba kwa kawaida huwa ya siku 5 hadi 10, kulingana na maagizo ya daktari. Tena, metronidazoli huwaua vizuri amiba walioingia katika nyama ya utumbo au ini, lakini haiyamalizi mayai yaliyobaki ndani ya utumbo. Inatakiwa ifuatwe na dawa nyingine ya kusafisha, kama vile diloksanidi au paromomisini. Wangapi kati ya wanaojinunulia Flagyl wamewahi kuzisikia dawa hizo? Kwa hiyo mtu hujihisi mzima, akaingia jikoni, akaendelea kuwagawia jamaa zake amiba kwa mikono yake mwenyewe.

Na amiba aliyepanda hadi kwenye ini hatoi taarifa kwa kuharisha. Mgonjwa, mara nyingi mwanamume mtu mzima, huwa na homa na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, pengine yakipanda hadi begani. Huyo anahitaji hospitali, si bahasha ya dukani.

Hasara ya tatu ni madhara ya dawa yenyewe. Ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, mkojo wa rangi ya kahawia. Haya ni madogo. Lakini anayeitumia mara kwa mara au kwa muda mrefu anaweza kupata ganzi na kuchomwachomwa katika miguu na mikono kwa kuumia kwa mishipa ya fahamu. Huzidisha nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kumtia mgonjwa katika hatari ya kuvuja damu. Mwenye mimba naye asiinunue bila kumwona daktari au mkunga.

Kwa wapenzi wa mnazi, ambao pwani hawakosekani, karatasi ya maelezo ya dawa bado inakataza pombe wakati wa dozi na siku mbili baadaye, kwa hofu ya kutapika, kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio. Watafiti wa miaka ya karibuni wamelitilia shaka katazo hilo, wakisema ushahidi wake ni hafifu. Hata hivyo, tumbo linalouma halihitaji mnazi. Mwenye kuugua na auache mpaka apone.

Hasara ya nne ni usugu. Hapa sitatia chumvi. Kwa amiba, dawa hii bado inafanya kazi vizuri. Lakini Helikobakta pailori amekuwa sugu kwake katika sehemu nyingi za Afrika, na sababu moja inayotajwa ni kwamba watu wameimeza mno kwa magonjwa mengine. Jiadia na trikomonasi wasiosikia dawa wamekwisha kuonekana. Mwenye vidonda vya tumbo anayeshangaa kwa nini matibabu hayashiki, huenda analipa deni la tembe alizotafuna miaka kumi iliyopita.

Anapoihitaji kweli

Wapo pia wanaoihitaji dawa hii na hawaipati ipasavyo kwa sababu ya haya. Trikomonasi ni mfano. Utafiti uliofanywa Mombasa na kuchapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wanawake kwa muda mrefu na kuona kwamba mwenye trikomonasi alikuwa katika hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi takriban mara moja na nusu ya yule asiye nayo. Kumbe ugonjwa ambao wengi wanauita "uchafu tu" unafungua mlango kwa mwingine mkubwa zaidi. Tiba yake ni hii hii metronidazoli, lakini sharti mume naye atibiwe, la sivyo ataurudisha nyumbani. Bwana anayemtuma mkewe kliniki peke yake, naye akakaa barazani kusoma gazeti, hajatibu kitu.

Funzo la Kilifi

Watu wa mjini hupenda kudhani kwamba elimu hutoka mjini kwenda shamba. Katika jambo hili, mji una la kujifunza kutoka Kilifi. Tangu mwaka 1989 pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust katika uwanja wa hospitali ya Kilifi, ambacho kimejenga jina duniani kwa kuuliza maswali ambayo wengine huyapita.

Kwa miaka mingi watoto wenye utapiamlo mkali wamekuwa wakipewa metronidazoli hospitalini pamoja na dawa nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 ulisema inaweza kutolewa, lakini ukakiri kwamba manufaa yake hayajathibitishwa kwa majaribio. Watafiti wa Kilifi hawakuridhika na mazoea. Wakaanzisha jaribio katika hospitali za Kilifi, Mombasa, Mbagathi ya Nairobi na Mbale ya Uganda, kwa lengo la watoto 2,000, baadhi wapewe metronidazoli na wengine wapewe dawa bandia isiyo na kitu, ili ijulikane kwa hakika kama inaokoa maisha.

Kabla ya hapo walikwisha kuijaribu dawa nyingine ya kumeza, ko-trimoksazoli, inayojulikana zaidi kama Septrin, ambayo nayo huua bakteria na baadhi ya vimelea. Watoto 1,778 waliotoka katika utapiamlo mkali huko Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi walifuatiliwa. Nusu yao walipewa dawa hiyo kila siku kwa miezi 6 kama kinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: vifo havikupungua. Kila mtu alidhani ingesaidia. Haikusaidia.

Nauliza: ikiwa madaktari bingwa, wenye maabara na mashine, wanaona aibu kutoa dawa kwa kudhani tu, sisi wenye bahasha za akiba tumepata wapi ujasiri huo?

Si mgonjwa peke yake

Hata hivyo, ni rahisi kumlaumu mgonjwa. Mwananchi anayeingia duka la dawa na kusema, "Ndugu yangu, nipe dawa ya tumbo," ana sababu zake. Zahanati iko mbali au ina foleni ya nusu siku, na anayelipwa kwa siku hawezi kupoteza nusu siku. Akifika, huenda maabara haina mtaalamu, au ana mtaalamu na hana vifaa. Mwenye duka naye yupo hapo hapo mtaani, anamjua kwa jina, anamwuliza, "Linakata au linaendesha, mama?" na katika dakika mbili amemhudumia. Nani asiyemwendea?

Basi wajibu uwe wa wote. Sheria ya nchi inaitaka dawa hii itolewe kwa cheti cha daktari, na Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kuisimamia. Lakini sheria bila huduma mbadala ni kumfungia mgonjwa mlango tu. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti zihakikishe kila kituo cha afya kina hadubini inayofanya kazi na mtu wa kuitumia. Mwaka 2023 serikali iliwazindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii na kuwapa mikoba ya kazi. ORS na zinki visikosekane katika mikoba hiyo hata siku moja. Mwenye duka la dawa naye, kabla ya kuhesabu tembe, aulize maswali matatu: Kuna damu? Ni mtoto au mtu mzima? Limeanza lini? Akiona damu, homa kali, mtoto asiyeweza kunywa au kuhara kuliko zidi siku 14, amtume hospitali. Atapoteza mauzo ya tembe chache, atapata heshima ya mtaa mzima.

Kisima na choo

Turudi Kuruwitu, kwenye ardhi. Ukanda ule wa pwani umejengeka juu ya mawe ya matumbawe, yenye matundu mithili ya sifongo. Ukichimba kisima unapata maji bila taabu nyingi. Ukichimba choo karibu nacho, uchafu nao haupati taabu ya kusafiri. Viwanja vikizidi kugawanywa na nyumba kusongamana, kisima cha huyu kinakuwa jirani wa choo cha yule. Maji ya bomba yanayotoka Baricho, katika mto Sabaki, husaidia, lakini mabomba yakikauka watu hurudi visimani.

Mayai ya amiba na jiadia yanastahimili klorini ya kawaida ya maji. Hayastahimili kuchemshwa. Basi maji yachemshwe hadi yatokote, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, na vyoo vichimbwe mbali na visima. Kuhusu rotavirusi, ambaye maji safi peke yake hayamzuii, Kenya ilianza kutoa chanjo yake Julai 2014, na uchunguzi uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba watoto wanaolazwa kwa ajili yake walipungua. Mzazi asiyejua kama mtoto wake aliipata, na aitazame kadi ya kliniki leo.

Tengefu

La mwisho ni lile la bahari. Wavuvi wa Kuruwitu waliona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kuvua leo: watoto wanataka kula leo. Lakini wakaelewa kwamba kila mmoja akivua anavyotaka, bahari itabaki maji matupu. Mwaka 2003 wakaunda chama chao, na mwaka 2005 wakatenga kipande cha takriban hekta 30 ambacho hakuna mtu wa kuvua ndani yake. Wakakiita tengefu. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake kutengwa na wanakijiji wenyewe nchini Kenya. Samaki wakarudi, wakazaana na kumwagika hadi nje ya mpaka, na mwaka 2017 kijiji hicho kikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Dawa za kuua vijidudu nazo ni mali ya umma. Kila mmoja wetu ana sababu nzuri ya kumeza leo: tumbo linauma leo. Lakini tembe ninazozitafuna bila haja zinaweza kumnyima dawa mwanamke atakayefanyiwa upasuaji wa uzazi, au kijana atakayepasukiwa na kidole tumbo. Hatuna nyingine nyingi za kukimbilia. Wavuvi wasio na mishahara waliweza kujizuia kwa faida ya wote, sembuse sisi wenye ofisi, magazeti na kemisti kila kona?

Leo jioni, msomaji, ifungue ile droo. Tembe zilizosalia usizimeze na usimpe jirani; zirudishe kwenye duka la dawa au hospitali zikateketezwe. Mahali pake weka pakiti mbili za ORS. Siku tumbo litakapokata, kunywa kwanza, pumzika, ujichunguze. Ukiona damu, homa au likizidi kukuendesha, nenda ukapimwe choo kibichi na usikilize unaloambiwa. Ukiandikiwa metronidazoli, imeze yote hadi siku ya mwisho, kisha uulize juu ya ile dawa ya kusafisha mayai.